Usaili wa Mwalimu Kwenye Msaragambo

Nilifika Same bila kukusudia, baada ya siku nne za safari. Nilipanda treni kwetu Mpanda, nikabadilisha Tabora, nikashuka Dodoma miguu imevimba kama ya mjamzito, kisha mabasi matatu mfululizo. Nilikuwa nakwenda Arusha. Kuna mtu aliyenisifia mji huo kituoni Tabora, na mimi wakati ule sifa za mji zilinitosha. Tulipofika Hedaru basi likafa. Abiria tukala mahindi ya kuchoma, tukazunguka sokoni, tukamtukana dereva mpaka akaanza kucheka, mwisho tukahamishiwa kwenye basi linaloishia Same. Tuliambiwa lingine litatufuata. Kweli lilitufuata, lakini lilinikuta nimeshapata kibarua cha kushusha madawati kwenye lori, mbele ya jengo lililokuwa linafunguliwa kuwa tawi la chuo kikuu.

Nikashusha madawati, nikaambiwa niyapange. Nikayapanga, nikaulizwa kama najua kusoma. Nikatoa cheti changu cha kidato cha nne kwenye mfuko wa plastiki. Hivyo ndivyo nilivyoingia masjala, chumba cha mafaili, na nilikaa humo miaka kumi na mmoja. Kwa mtu kama mimi hiyo ni miaka mingi mno.

Nawaandikia ninyi mnaoingia ofisini sasa. Najua mstaafu ni mtu wa miaka sitini mwenye fimbo. Mimi nina arobaini na sita, na nimejistaafisha mwenyewe. Nivumilieni.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa usaili. Chuo kikitafuta mwalimu, mimi ndiye niliyepokea barua, niliyepiga simu, niliyewapokea wageni stendi, niliyepanga viti na kuandika muhtasari. Watu walikuja kutoka pande zote za nchi, kila mmoja na vumbi la kwao, na mimi nilikaa pale kama mtu anayeuza tiketi asiyesafiri. Kila baada ya usaili nililala vibaya kwa wiki nzima. Masjala ilikuwa karibu na barabara kuu. Sikio moja lilikuwa kwenye faili, la pili kwenye honi za mabasi. Nilijua kampuni ya basi kwa honi yake tu.

Aliyenifundisha ni Bi Nakundwa, mkuu wa masjala, mama wa Kipare aliyekulia milimani. Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo mama."

"Marahaba. Mikono yako imekauka?"

"Imekauka."

"Vizuri. Cheti cha mtu hakishikwi na mkono wenye jasho. Mtu amekaa miaka mitatu akikitafuta, wewe unakiachia dole gumba."

Alinifundisha mambo ambayo hayapo kwenye mwongozo wowote. Kiti cha msailiwa kisielekee dirisha la barabarani, maana malori yakipita anasahau swali. Maji yawekwe kwenye bilauri nzito; nyepesi inaonyesha mkono unatetemeka, na jopo litaangalia mkono badala ya kusikiliza jibu. Wasailiwa wasikae pamoja kabla ya kuingia, kwa sababu yule mwongeaji atawamaliza wenzake kwa hofu. Na simu ya kumwita mtu kwenye usaili ipigwe asubuhi, kisha unyamaze kidogo baada ya kusema jina la chuo, ili apate nafasi ya kukaa chini.

Nilikosea mengi. Kuna mara nilimtumia mtu mmoja barua ya kumwita na barua ya kumkataa ndani ya bahasha moja. Akaja na zote mbili mkononi, akauliza aanze na ipi. Na kuna msomi mmoja aliyeshuka stendi saa saba mchana, upepo wa Same ukampokea na vumbi lake. Akanipigia simu: "Chuo kiko wapi?" Nikamwambia, "Geuka nyuma, umeshakipita." Akageuka, akatazama, akakata simu. Nilipofika stendi nikaambiwa ameondoka na basi lililomleta. Sikumlaumu. Nilimwonea wivu.

Lakini nataka kuwaambia habari ya usaili mmoja tu, wa mwalimu wa somo la malezi na makuzi ya watoto na vijana.

Somo hilo lilikuwa na mwalimu mmoja, Dokta Mwanaidi, mama wa Tanga mwenye sauti ndogo na msimamo mkubwa. Alikuwa anafundisha vipindi vya watu watatu. Makao makuu yalitupa kibali cha kuajiri mhadhiri mmoja zaidi, na kibali kilikuwa kinakufa Juni inapoisha, pamoja na mwaka wa fedha. Mwaka huo Juni ilikuwa inaisha siku ya Jumamosi. Tusipopata mtu kabla ya Jumamosi, nafasi inarudi makao makuu, na tulishaambiwa wazi kwamba ikirudi, somo lenyewe litaifuata na wanafunzi watahamishwa.

Tulibaki na wasailiwa wawili. Wa kwanza ni Mwalimu Stela, kutoka Bukoba, mcheshi. Alinisalimia kwa jina kabla sijajitambulisha. Alikuwa amelisoma chini ya barua. Wa pili ni Dokta Fabiani, mtu mrefu wa Songea asiyecheka, aliyeniuliza kwa nini chumba cha kusubiria kina picha mbili za twiga na hakuna hata kiti cha mtoto. Nikaamua hapo hapo kwamba simpendi.

Mahojiano ya ofisini waliyafanya Jumatano, wakalingana. Ilibaki sehemu ya vitendo. Dokta Mwanaidi alikuwa amekataa kabisa ifanyike kwenye ukumbi wa chuo. "Anayetaka kufundisha habari za watoto nimwone yuko na watoto," alisema. Kwa hiyo ilipangwa kila mmoja afundishe somo fupi kwenye shule ya msingi ya kijiji kimoja kule juu milimani, mbele ya Myamba. Jina la kijiji nitaliacha. Kupanga siku hiyo ilikuwa kazi yangu.

Nilimpigia mwalimu mkuu, akanipa darasa. Nikaona nimemaliza. Bi Nakundwa akaniuliza, "Na kijiji umekiuliza?"

"Mama, tunataka darasa, hatutaki kijiji."

Akanitazama, akarudi kwenye faili lake.

Alhamisi tulipanda mlima na gari la chuo: Profesa kutoka makao makuu aliyekuwa mwenyekiti wa jopo, Dokta Mwanaidi, afisa utumishi, wasailiwa wawili, dereva na mimi. Chini kulikuwa na jua, juu tukaingia kwenye ukungu na baridi, migomba na mashamba ya tangawizi pande zote. Tulipokata kona ya mwisho kabla ya shule tukakuta barabara imejaa watu. Masika ilikuwa imekula ukingo wa barabara, na kijiji kizima kilikuwa kinajenga ukuta wa mawe. Ulikuwa msaragambo.

Kwa msiojua, msaragambo ni kazi ya pamoja ya Wapare. Baragumu ikilia, kila nyumba inatoa mtu. Siku hiyo hakuna shamba, hakuna soko, na niliona kwa macho yangu kwamba hakuna shule. Mtu anayepanga jambo milimani bila kuuliza siku ya msaragambo ni mgeni, hata kama amekaa Same miaka kumi.

Mwenyekiti wa kijiji alikuja hadi dirishani, matope mpaka magotini.

"Karibuni. Mnakwenda wapi?"

"Shuleni," nikasema.

"Shule hii hapa." Akaonyesha watoto waliokuwa kwenye mstari wa kupokezana mawe. "Na mwalimu mkuu ni yule mwenye sururu. Jana alikutafuta kwenye simu mpaka akachoka."

Nikatoa simu. Ilikuwa imezimwa tangu mchana wa jana. Nilikuwa nimeizima ili nisisumbuliwe wakati wa mahojiano, nikasahau kuiwasha. Hilo pia lichukueni: ukizima simu ya kazi, iandike mkononi kwa wino.

Profesa akashusha pumzi. "Tugeuze gari."

"Tukigeuza hatuna siku nyingine," akasema Dokta Mwanaidi. "Watoto si hawa?"

"Hakuna darasa, hakuna ubao."

"Profesa, watoto wapo."

Afisa utumishi akapekua karatasi zake kama anayetafuta kifungu kinachozungumzia mawe. Hakukipata. Wasailiwa wakaulizwa kama wako tayari, wakasema ndiyo. Mwenyekiti wa kijiji naye akatoa sharti lake: "Watoto nitawapa wakati wa kupumzika. Ila wageni mliosimama hapa mtashika mawe. Hapa hapatazamwi kazi."

Nimeona maprofesa wakifanya mambo mengi. Sijaona tena profesa akipokezana mawe na bibi wa miaka sabini anayemwambia, "Wewe baba, unashika jiwe kama unalibariki."

Mwalimu Stela alivua viatu, akaingia kwenye mstari, na baada ya dakika chache wanawake walikuwa wanamwita dada. Zamu yake ya kufundisha ilipofika, alitumia mawe yale yale. Watoto wakayahesabu, wakayapanga kwa ukubwa, wakayatungia wimbo, na watu wazima wakaitikia. Msichana mmoja mwembamba, wa miaka kumi hivi, alikuwa amebaki na jiwe kubwa lililomshinda. Stela akampokea, akalibeba yeye, huku wimbo unaendelea. Nilipiga makofi mpaka nikakumbuka kwamba mwandishi wa muhtasari hapigi makofi.

Dokta Fabiani yeye hakuimba. Alikaa chini kwenye majani yenye umande na suruali yake nzuri, akasubiri watoto wakae. Kisha akauliza swali moja.

"Asubuhi majina yaliposomwa, wewe uliitikia jina la nani?"

Kabla ya kazi, katibu wa kijiji husoma jina la kila mwenye nyumba, na aliyekuja anaitikia. Mtoto wa kwanza akasema, "Mimi nilikuja na mama tu." Wa pili vile vile. Yule msichana mwembamba, jina lake Upendo, akasema, "La baba."

"Baba yuko wapi?"

"Kwenye mkonge, Korogwe."

"Na mama?"

"Yuko ndani. Mgongo."

Wengine wanne wakainua mikono. Nao waliitikia majina ya baba zao.

Mwenyekiti hakupendezwa. "Mwalimu, usije ukaandika kwamba tunatumikisha watoto. Nyumba ya mgonjwa ina ruhusa. Nyumba ya huyu binti imeruhusiwa, na katibu anayo kwenye orodha."

Fabiani alimgeukia mtoto. "Upendo, ulijua mmeruhusiwa?"

"Nilijua."

"Mbona ukaja?"

Msichana akakwangua matope kwenye kucha. "Ruhusa wanaisoma kwa sauti."

Wale wa mbali wakashusha sururu zao. Nilisubiri Fabiani ahubiri, nikamsikia tu anasema, "Asante. Na wewe mwenzake, mwaka jana uliitikia la nani?" Akaendelea, mtoto mmoja baada ya mwingine, na watu wazima wakasikiliza wakiwa wamesimama. Lilikuwa somo gumu kulivumilia. Nilitaka liishe. Mimi ni mtu niliyeondoka kwetu, na majina yanasomwa kwetu pia.

Lilipoisha, mwenyekiti wa kijiji alimwita katibu pembeni. Nilikuwa karibu, nikasikia: "Ruhusa zisisomwe tena. Ziandike, zibaki kwako."

Tulirudi Same tumechoka, mikono imechubuka. Alama zilijumlishwa Ijumaa asubuhi. Profesa alimpa Stela nyingi, Dokta Mwanaidi akampa Fabiani nyingi, afisa utumishi akaangukia upande wa Fabiani. Alishinda kwa alama chache sana. Mimi nilikuwa nimemtaka Stela, tangu stendi.

Kisha afisa utumishi akafunga mlango.

"Kuna shida. Barua za wito zilisema darasani, wanafunzi thelathini, ubao. Aliyeshindwa akilalamika, usaili unafutwa na kesho kibali kinaisha." Akanigeukia. "Ndugu, wewe andika darasani. Darasa lilikuwepo, si tuliliona kwa mbali?"

Profesa akatazama dirishani. Dokta Mwanaidi akazipanga upya karatasi za alama mbele yake. Alikuwa anamhitaji mwalimu huyo kuliko mtu yeyote mle ndani.

Na mimi? Nikiandika darasani, somo linabaki, nafasi inajazwa, na kosa langu la tarehe na simu linazikwa. Nikiandika msaragambo, huenda nikalizika somo zima. Nilikwenda masjala na daftari, nikakaa. Nje basi la Arusha likapiga honi. Nawaambieni kweli, nilifikiria kuliacha daftari mezani na kulipanda.

Bi Nakundwa akauliza kilichonisibu, nikamweleza. Nilitegemea aseme, "Si nilikuuliza?" Hakusema.

"Miguu yako ilikanyaga wapi jana?" akauliza.

"Kwenye matope."

"Basi. Mimi sijui kuandika pengine, na sikukufundisha."

Nikaandika yote. Kwamba darasa halikupatikana kwa sababu mwandishi hakuuliza ratiba ya kijiji na alikuwa amezima simu. Kwamba wote wawili walifundisha barabarani, siku ile ile, watoto wale wale. Kila mmoja alifanya nini. Afisa utumishi aliposoma alivua miwani.

"Umetumaliza."

"Labda. Sheria inasemaje kama aliyeshindwa akikubali kwa maandishi kwamba hana pingamizi?"

Akafikiri. "Inakubali. Lakini nani atakubali?"

Nilimkuta Mwalimu Stela nje ya nyumba ya wageni, begi limefungwa. Nikampa muhtasari, nikamwambia ukweli wote: kwamba hakupata, kwamba usaili ulikiuka barua yake kwa kosa langu, kwamba ana haki ya kulalamika, na akilalamika usaili wote utafutwa.

"Na mimi nikiufuta, napata nini?"

"Hupati. Nafasi inapotea."

"Kwa hiyo mmenileta kutoka Bukoba kubeba mawe." Hakuwa anacheka. "Unajua nimemwacha mtoto kwa jirani wiki nzima?"

"Sikujua, mwalimu."

"Hukuuliza."

Akasoma karatasi zile polepole, moja, mbili, akarudi ya kwanza. Alipoacha kusoma, kidole chake kilikuwa kwenye mstari wa yule msichana.

"Umeandika nilimpokea jiwe."

"Ulimpokea."

"Nilimwona tangu tunashuka kwenye gari. Niliona halimwezi. Nikalibeba, nikafurahi, watu wakanipigia makofi." Akaliweka begi chini. "Sikumuuliza kwa nini lilikuwa lake. Lete kalamu."

Akaandika mistari miwili, akasaini, akanirudishia kalamu kwa nguvu kidogo. "Na wewe, siku nyingine barua ya wito itume wiki mbili kabla. Siku tatu si wito, ni kufukuzana."

Kibali kilitumika Ijumaa hiyo, saa kumi kasoro. Mimi nilipata barua ya onyo, na nilistahili. Niliisajili mwenyewe kwenye faili langu, kwa tarehe sahihi.

Nilikaa muhula mmoja zaidi. Sikufukuzwa. Ni kwamba lile swali la barabarani, la nani anaitikia jina la nani, halikuniacha nikae vizuri kwenye kiti. Nikaandika barua ya kuacha kazi, nikamkabidhi Bi Nakundwa funguo. Alizihesabu mbele yangu, akasema, "Usiende Arusha."

"Siendi Arusha, mama. Nakwenda nyumbani."

Wakati natoka getini na begi langu, kundi la wanafunzi lilikuwa linatoka darasani kwa Dokta Fabiani limenuna.

"Bro," mmoja akaniita, "huyu mwalimu mmemtoa wapi? Eti Jumamosi wote tupande mlimani kwenye msaragambo, tushike mawe kwanza, halafu ndiyo tuulize maswali!"

"Mimi nina kucha mpya," akasema mwenzake.

"Nendeni," nikawaambia. "Vaeni viatu vibovu."

"Kwani wewe ulishawahi kwenda?"

Mle ndani Fabiani alikuwa anafuta ubao mwenyewe, mgongo umetugeukia. Nilitaka kubaki, na hilo lilinishangaza. Miaka kumi na mmoja nilikuwa sijawahi kutaka. Nikasema nimewahi, nikatembea hadi stendi bila kusimama.

Basi la kwenda Morogoro lilikuwa na nafasi pande zote mbili. Nilikaa kulia, upande usio na milima, nisije nikaiona nikashuka Hedaru, nikapanda tena juu.